Kanuni ya Kwanza na Kanuni ya Mwisho: Kutoka Stockholm hadi Dandora

Azimio la Stockholm lina kanuni 26. Lilipitishwa Juni 1972, wajumbe wa nchi 113 walipokutana Sweden kujadili mazingira ya binadamu. Kanuni ya kwanza inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yanayomwezesha kuwa na heshima na siha. Kanuni ya mwisho inataka binadamu na mazingira yake waepushwe na madhara ya silaha za nyuklia. Haki za binadamu ziliwekwa mlangoni, bomu likawekwa uani, na mambo ya hewa, maji na udongo yakajaa vyumba vya kati. Zaidi ya miaka 50 baadaye nimetaka kujua jambo moja: kanuni hizo mbili, ya kwanza na ya mwisho, zilifika wapi zilipotoka Sweden?

Nilikuwa na sababu ya kuzitafuta Nairobi. Desemba 1972, miezi 6 tu baada ya Stockholm, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda shirika la mazingira, UNEP, na makao yake makuu yakapewa Nairobi. Hakuna shirika la Umoja wa Mataifa lililokuwa limewahi kuwa na makao makuu katika nchi inayoendelea. Na kilomita 8 hivi mashariki mwa katikati ya jiji hilo hilo kuna jaa la Dandora. Watu husimulia mambo haya mawili kwa pumzi moja: shirika na jaa vilizaliwa pamoja, wenye shirika wakakaa Gigiri kwenye miti, jaa likaachiwa watu wa Eastlands. Ni masimulizi matamu. Masimulizi yakiwa matamu kiasi hicho huwa nataka kuona karatasi. Je, karatasi zinasemaje?

Nilianzia Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Moi Avenue, kwenye jengo lililotazamana na sanamu ya Tom Mboya. Niliomba chochote chenye jina la Dandora. Nikaletewa karatasi za mabomba, mitaro na mabwawa. Nilizisoma kwa makini mpaka nilipoiona ramani. Mabwawa hayo ya kusafishia maji taka ya jiji huitwa Dandora kwenye maandishi, lakini yako Ruai, mbali zaidi mashariki. Hayana uhusiano na jaa. Jina moja limebeba mahali pawili, na maandishi mengi hayasemi yanazungumzia papi. Basi ni wangapi walionitangulia waliochukua mwaka wa Dandora hii wakaubandika kwenye Dandora ile?

Nikahamia Maktaba ya McMillan, kwenye magazeti ya zamani yaliyofungwa kwa majalada mazito. Mwaka 1973 Nairobi ilikuwa na jumba jipya la mikutano, KICC, refu kuliko yote mjini. Septemba mwaka huo mkutano mkuu wa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa ulifanyika humo, na rais wa benki akatoa hotuba iliyokumbukwa miaka mingi kuhusu umaskini uliokithiri. Mwezi uliofuata, UNEP ikafungua ofisi zake katika jumba hilo hilo. Gigiri wakati huo palikuwa na kahawa. Majengo ya Umoja wa Mataifa huko yalizinduliwa mwaka 1984. Kwa hiyo picha ya wataalamu waliojitenga Gigiri tangu siku ya kwanza haisimami. Walianzia mjini kati, kwenye ghorofa ambazo Eastlands yote huonekana kutoka juu yake. Je, kati yao alikuwapo hata mmoja ambaye kazi yake ilimtaka atazame upande ule?

Mwaka 1975 ndio unaotajwa mara nyingi kuwa mwaka jaa lilipofunguliwa, ingawa maandishi mengine husogeza tarehe mbele kidogo. Ndio pia mwaka wa mkopo. Benki ya Dunia ilikubali kugharamia mradi mkubwa wa makazi Dandora: ploti 6,000 zenye choo, bafu na bomba la maji, ambazo mwenye kupewa angejijengea vyumba vyake polepole kadiri ya mfuko wake. Shule, vituo vya afya na masoko vilikuwa ndani ya mpango. Ulikuwa mradi ulionukuliwa duniani kote, na waliobahatika kupata ploti waliuona kama baraka. Mradi wa nyumba na jaa, mwaka mmoja, jina moja. Je, kimoja kilimleta mwenzake?

Wapo wanaosema hivyo, na nimeliona dai hilo limechapishwa zaidi ya mara moja: kwamba jaa lilijengwa kwa fedha za benki. Nililifuata dai hilo kutoka makala moja hadi nyingine. Kila makala ilinipeleka kwa makala nyingine, na ya mwisho haikunipeleka popote. Maelezo ya mradi yanazungumzia ploti, mabomba, barabara na shule. Miaka kugongana si ushahidi wa mkono kushika mkono. Silitupi dai hilo moja kwa moja, ila siwezi kuliandika kama jambo lililothibitika. Masimulizi ya pili yanapingana nalo kabisa: kwamba jaa lilikuwapo kwanza, na watu wakalifuata wenyewe kwa ajili ya riziki. Hili ndilo hutumika kuwalaumu wakazi. Lina uzito gani?

Ilinibidi niende nikaulize. Nilipanda matatu iliyofuata Jogoo Road, na njia hiyo ilinipitisha mbele ya historia nyingine ambayo sikuwa nimeipanga. Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho: mitaa iliyojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Oktoba 1953 Uingereza ilitangaza kwamba Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu utatumika pia katika makoloni yake, Kenya ikiwemo. Miezi 6 baadaye, alfajiri ya Aprili 24, 1954, msako wa serikali ya kikoloni ulioitwa Operesheni Anvil uliizingira Nairobi. Watu waliamshwa mlango kwa mlango, wakapangwa mistari, na zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Mkataba ulikuwa umefika Kenya kwenye karatasi. Je, kuna mtu yeyote katika vyumba vile aliyejua kwamba upo?

Dandora ina awamu tano, na wenyeji hutaja awamu kama watu wa kwingine wanavyotaja kijiji. Katika zile za mwanzo bado unaweza kuona umbo la mpango: ploti nyembamba, lango la chuma, ua katikati, vyumba vimezunguka. Sasa orofa zimepanda juu ya vingi kati ya vyumba vile, na nguo zimeanikwa kutoka roshani hadi roshani. Mbele ya lango moja nilimkuta mzee ameketi kwenye kigoda, redio miguuni. Nilimsalimu nikamwambia ninachotafuta.

"Mzee, jaa lilikuja lini hapa?"

"Kijana wangu, mimi nilikuja na mabati yangu ya kwanza wakati wa ujenzi. Kulikuwa na shimo la mawe kule chini, walikochimba. Malori yalikuja kumwaga kidogo kidogo. Tuliambiwa shimo likijaa, basi, wataliziba, watoto wapate uwanja."

"Nani aliwaambia?"

Alifikiri. "Watu walisema tu. Lakini tuliamini."

Shimo la mawe linakubaliana na maandishi: sehemu ya jaa ilikuwa machimbo ya zamani. Ahadi ya uwanja sikuikuta kwenye karatasi yoyote, na kumbukumbu ya miaka 50 hupokea mapambo. Lakini mpangilio wa matukio katika maneno ya mzee, wajenzi wa kwanza wakiwa wameshaanza na malori yakimwaga kidogo kidogo, unalidhoofisha lile dai la watu kulifuata jaa. Walikuja kwa ploti halali, wengi kwa bahati nasibu na foleni ndefu. Korogocho, ng'ambo ya Mto Nairobi, nayo ilikua katika miaka hiyo hiyo, kwa watu waliohamishwa kutoka sehemu nyingine za jiji. Makazi na taka vilinenepa pamoja, ubavu kwa ubavu. Kama ndivyo, kwa nini shimo lilipojaa malori hayakukoma?

Mwaka 2001 jaa lilitangazwa kwamba limejaa. Leo bado linapokea taka, na hesabu iliyozoeleka ni tani 2,000 hivi kwa siku, kwenye eneo linalotajwa kuwa ekari 30. Nilifika ukingoni kabla ya adhuhuri. Moshi haukutoka mahali pamoja, ulifuka kutoka nyufa nyingi ndogo, mweupe hapa, wa kijivu pale. Makorongo marabu walisimama juu ya lundo, hawakushtuka lori lilipogeuka. Wanawake walioinama walikuwa wakitenga kwa kasi ambayo macho hayawezi kuifuata: plastiki ngumu gunia hili, laini gunia lile, makopo pembeni. Kando yao kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya tairi, ameweka betri ya gari katikati ya miguu. Aliipasua kwa nyundo, akaiinamisha tindikali imwagike mchangani, akachomoa bamba moja baada ya jingine na kuyatia kwenye mfuko. Mabamba yale ni risasi. Alijifuta mikono kwenye suruali na kuendelea. Jioni atarudi nyumbani na suruali ile. Nani atamkumbatia mlangoni?

Hapo ndipo kanuni ya kwanza ya Stockholm ilipoanza kunionekania kwa umbo la kitu kinachopimika. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti uliofanywa kwa niaba ya UNEP, ukiongozwa na mtaalamu wa Kenya. Watoto na vijana 328, wenye umri wa miaka 2 hadi 18, walichunguzwa. Nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi kwa kiwango kilichofikia au kupita mikrogramu 10 kwa desilita, ambacho ndicho kilichokuwa mpaka wa kimataifa wakati huo. Sampuli 42 katika kila 100 za udongo zilionyesha risasi karibu mara 10 ya udongo usiochafuliwa. Zebaki ilikutwa. Kadimiamu pia. Karibu nusu ya watoto walikuwa na matatizo ya kupumua. Habari ilizunguka dunia kwa wiki kadhaa. Lakini je, utafiti wenyewe ulikuwa imara?

Niliusoma nikitafuta nyufa. Udongo wa Dandora ulilinganishwa na udongo wa Waithaka, upande mwingine wa jiji, na hilo ni zuri. Damu ya watoto, hata hivyo, ililinganishwa na mpaka wa kimataifa. Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza: watoto wa Nairobi wote wa wakati ule, waliovuta moshi wa petroli yenye risasi miaka nenda miaka rudi, hawakuwa na risasi damuni pia? Ni swali halali. Kenya iliacha petroli ya aina hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Risasi iliyo katika damu hupungua kwa nusu kwa muda wa mwezi mmoja hivi, ila ile iliyoingia mifupani hukaa miaka mingi na kurudi damuni taratibu. Kwa hiyo petroli inaweza kuwa imechangia, wala haiwezi kueleza yote, kwa sababu udongo wa Dandora ulikuwa unasema neno lake. Basi sehemu ya jaa ilikuwa kiasi gani na sehemu ya petroli kiasi gani?

Hilo lingejibiwa kwa kuwapima tena. Mwaka mmoja baadaye, au mitano, petroli ikiwa imesahaulika, risasi iliyobaki katika damu ingemtaja mwenyewe. Nimekuta tafiti za vyuo kuhusu udongo na mimea ya eneo hilo. Sijakuta upimaji wa pili wa watoto wale wale. Nilizunguka Korogocho na Dandora nikiuliza kama yupo mtu aliyechomwa sindano ile akiwa mtoto. Mama mmoja muuza mboga alikumbuka watu wa daftari na vichupa. Mwingine alikumbuka uji uliogawiwa siku hiyo, halafu akasema labda ilikuwa siku nyingine. Hakuna aliyeniambia "mimi ndiye". Aliyekuwa na miaka 2 mwaka 2007 sasa ni mtu mzima, pengine mzazi. Aliwahi kuambiwa damu yake ilisema nini?

Na kuna jambo lililonikereketa zaidi nilipofika nyumbani na kupanga karatasi zangu. Mpaka wenyewe ulihama. Mwaka 2012 Marekani ilishusha kiwango chake cha tahadhari kwa watoto kutoka 10 hadi 5, na mwaka 2021 hadi 3.5. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hatua zichukuliwe mtoto akifikia 5. Sayansi haioni tena kiwango cha risasi ambacho ni salama kwa ubongo wa mtoto. Nusu nyingine ya watoto wale, waliorudi nyumbani wakihesabiwa wazima, ingepimwa kwa rula ya leo ingekuwaje?

Nisije nikaonekana nasema kwamba mataifa yakikaa pamoja hayafanyi kitu. Ile petroli ni ushahidi wa kinyume. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na risasi katika petroli kufikia mwisho wa 2005. Kuanzia 2002 ushirikiano wa kimataifa ulioratibiwa na UNEP, kutoka Nairobi, ulifuatilia nchi kwa nchi, kiwanda kwa kiwanda. Januari 2006 eneo lote lilikuwa limefika. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, ilimaliza mwaka 2021. Watoto wa Eastlands, kando ya barabara zilizojaa matatu, walinufaika pamoja na watoto wa Lagos na Jakarta, na kwa maoni yangu hiyo ni moja ya kazi kubwa zilizowahi kuratibiwa kutoka jiji hili. Risasi ile ile, jiji lile lile, shirika lile lile. Kwa nini ya petroli ilikwisha na ya jaa ikabaki?

Jibu la haraka ni kwamba petroli ina bomba moja, na jaa lina mikono elfu. Kuna ukweli humo. Viwanda vya kusafisha mafuta vinahesabika, waagizaji wanahesabika, na tarehe moja inawabana wote. Jaa ni betri ya huyu, rangi ya nyumba ya yule, simu iliyokufa ya mwingine. Lakini sikutosheka, kwa sababu kuna jambo gumu kuliko jaa ambalo mataifa yamelifuatilia kwa uangalifu wa ajabu. Ni lile la kanuni ya mwisho. Njia yake ilipita wapi?

Kwa Waafrika njia hiyo inaanzia jangwani. Februari 13, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia Reggane, katika Sahara ya Algeria. Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walitangaza mjini Cairo kwamba bara hili halitaki silaha hizo. Kisha kimya kirefu. Nilidhani njia imeishia hapo, mpaka nilipokutana na Nairobi ya Julai 1985, wakati wa mkutano wa tatu wa dunia kuhusu wanawake. Kwenye nyasi za Chuo Kikuu cha Nairobi lilisimamishwa hema lililoitwa Hema la Amani. Wanawake kutoka nchi zilizoelekezeana makombora waliketi humo wakabishana mchana kutwa kuhusu vita na silaha za nyuklia, katika jiji lisilo na hata kombora moja. Nimewauliza wazee wachache wa Eastlands kama walilisikia hema hilo. Wengi wanakumbuka jiji lilivyosafishwa kwa ajili ya wageni. Taka zilizoondolewa barabarani siku hizo zilipelekwa wapi?

Baada ya hema zikaja sahihi. Aprili 1996 Mkataba wa Pelindaba ulitiwa sahihi Cairo, ukaanza kutumika Julai 2009: Afrika bila silaha za nyuklia. Ndani yake mna kifungu ambacho husahaulika, kinachokataza kutupa taka zenye mionzi popote barani. Waliouandika walikuwa na kumbukumbu mbichi ya 1988, taka za sumu kutoka Italia zilipogunduliwa Koko, Nigeria, zimehifadhiwa uani kwa mtu. Tukio hilo ndilo lililozaa pia Mkataba wa Bamako wa 1991, kwa sababu nchi za Afrika ziliona ule wa Basel wa 1989 unadhibiti biashara ya taka hatari badala ya kuifunga. Afrika ilijilinda kwa bidii dhidi ya taka za ng'ambo. Na taka zake yenyewe, ziliandikiwa mkataba gani?

Septemba 1996 ukaja mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Kwa ajili yake ulijengwa mtandao wa vituo na maabara, jumla iliyopangwa 337, zaidi ya 300 zikiwa tayari. Kimoja kiko Kilimambogo, nje ya Thika. Ni kituo cha kusikiliza mitikisiko ya ardhi, na kiko katika daraja la kwanza la mtandao huo, lile la vituo vinavyotuma data Vienna mfululizo, usiku na mchana. Mtandao mzima ndio ulionasa majaribio ya Korea Kaskazini, la kwanza mwaka 2006 na la karibuni mwaka 2017. Kilimambogo huonekana kutoka upande wa mashariki wa Nairobi anga ikiwa safi. Nilipanda orofa ya nne ya nyumba moja Dandora, mwenye nyumba akanionyesha mlima kwa kidole, buluu, nyuma ya moshi. Kule kuna chombo kinachosikia bomu likilipuliwa Asia. Hapa chini kuna chombo gani?

Kuna jambo la ziada ambalo ilibidi nilihakikishe mara mbili. Mkataba ule wa kupiga marufuku majaribio haujaanza kutumika kisheria mpaka leo, kwa sababu baadhi ya nchi ambazo lazima ziuridhie hazijafanya hivyo. Hata hivyo vituo vinafanya kazi. Haki ya mazingira safi, kwa upande wake, imo katika Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuidai. Mkataba usio na nguvu ya sheria una masikio yanayokesha. Haki ambayo sasa ina nguvu ya Katiba ilipimwa katika damu ya watoto mwaka mmoja, 2007. Tofauti hiyo ilitokea wapi?

Sitaki kuipamba kanuni ya mwisho. Dunia bado ina vichwa vya nyuklia vipatavyo 12,000, na mlima wenye kipima mtikisiko haujavunja hata kimoja. Lakini hofu ya nchi moja kwa nyingine imelipa mishahara ya wanaosoma vipimo. Dola kubwa hazikuaminiana, hivyo zikakubali kwamba neno la yeyote lisitoshe, liwepo chombo. Damu ya mtoto wa Korogocho haimtishi jirani yeyote mwenye jeshi. Kwa maoni yangu hapo ndipo kanuni hizi mbili zilipoachana: moja ilipewa msomaji wa zamu, nyingine ikapewa ripoti. Je, ripoti hizo angalau zilizaa hatua?

Zilizaa mipango. Tangu utafiti wa wataalamu wa Japani wa 1998 lilikuwapo pendekezo la kuhamishia taka Ruai, na lilirudi tena na tena baada ya 2007. Likakwama, kati ya mengine, kwa hofu kwamba makorongo na mwewe wangelifuata jaa jipya na kugongana na eropleni zinazotua uwanja wa ndege wa JKIA. Hofu hiyo si ya kuchezewa. Watu wa Ruai nao wana mapafu. Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, katika kesi kuhusu uchafuzi wa Mto Nairobi na Mto Athi, iliagiza jaa la Dandora lihamishwe ndani ya miezi 6. Nilipokwenda, malori yalikuwa kwenye foleni. Na kama lingehamishwa kesho asubuhi, wale wanawake wenye magunia wangekula wapi?

Nilimuuliza mmoja wao, akipumzika kivulini, kwenye kibanda chenye mizani ya kuning'inia. Mnunuzi alikuwa ametoka kumpimia plastiki yake, na yeye alikuwa ameangalia mshale bila kupepesa.

"Mama, wakifunga hapa utafanya nini?"

"Wafunge, sawa. Lakini waulize kwanza nani anachagua taka za mji huu. Ni mimi."

Machi 2, 2022, kilomita chache kutoka kibanda hicho, mkutano wa mataifa uliofanyika Gigiri uliamua kuanza mazungumzo ya mkataba wa kumaliza uchafuzi wa plastiki. Uamuzi huo ulitambua, katika maneno yake ya utangulizi, mchango wa wanaokusanya na kutenga plastiki bila ajira rasmi. Mama yule yumo ndani ya maandishi ya dunia, ingawa bila jina. Julai 28 mwaka huo huo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua kwamba mazingira safi, yenye afya na endelevu ni haki ya binadamu: kura 161 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, 8 zilijizuia. Kanuni ya kwanza ya Stockholm ikawa imezunguka miaka 50 na kurudi na mhuri mpya. Mazungumzo ya plastiki, kwa upande wao, yalivunjika Geneva Agosti 2025 bila mkataba. Kati ya mhuri na mizani ya mama yule, nani anatembea na ujumbe?

Nilishuka hadi mtoni. Maji ni ya kijivu, na vijana wawili walikuwa wakisuuza karatasi za nailoni humo kabla ya kuzipeleka Kariobangi kuuza. Mto huu unatoka upande wa Kikuyu, unapita katikati ya jiji, unakutana na Mto Mathare, unaingia Athi, na mwisho wa safari huitwa Sabaki na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mipaka ya mitaa, kaunti na awamu haiutambui. Wavuvi wa Malindi waliwahi kuulizwa lolote kuhusu Dandora?

Nimebaki na jambo moja linalowezekana, na ni dogo kuliko mikataba yote niliyoipitia. Siku hizi kipo kifaa cha mezani ambacho kwa tone la damu ya kidole hutoa kiwango cha risasi kwa dakika 3. Watoto wa shule moja wanaweza kupimwa asubuhi moja, kila mwaka, na kila mzazi akaondoka na namba ya mwanawe mkononi. Wale 328 wa mwaka 2007, walio hai na wanaopatikana, wanaweza kutafutwa kwanza, kwa kuwa mahali fulani orodha yao iliandikwa. Orodha hiyo iko kwenye kabati gani?